UNARUDI KUZAMIA BAADA YA MIAKA? ZIWA HALIANGALII RANGI YA MAPEZI YAKO

Kuna staa mmoja wa Rock City, jina kapuni, ambaye wiki hizi kazipasha moto kurasa za watu wa Mwanza. Picha ya kwanza kakaa juu ya jiwe upande wa Capri Point, jua linazama, suti nyeusi ya kuzamia imembana kama ngozi. Ya pili, mapezi ya rangi ya chungwa. Ya tatu ndiyo iliyomaliza kila kitu: begi zima limefunguliwa, kila kifaa kipya, lebo bado zinaning'inia. Maneno ya chini yalikuwa mafupi tu, kwamba anarudi majini baada ya miaka saba.

Mioyo na moto vikamwagika. Mwingine akauliza, "Unazamia kwenda Sauzi au?" Watu wakacheka, mambo yakasonga.

Kwa wasiojua, jamaa hadanganyi. Kuzamia kwa mtungi wa hewa alijifunza kweli, Zanzibar, enzi hizo bado anatafuta jina. Cheti anacho, picha za samaki anazo. Shida ipo kwenye hiyo miaka saba katikati, na kwenye maji aliyochagua kurudia. Aliiacha bahari, anarudi Ziwa Victoria.

Hapo ndipo anaingia mtu wa pili, ambaye hana hata wafuasi mia tano. Huyu ni mtoto wa Sengerema. Alikuwa akifanya kazi ya kuongoza watalii chini ya maji kule Nungwi, mpaka 2020 corona ilipofunga viwanja vya ndege vya dunia na hoteli za Unguja zikabaki na walinzi tu. Akarudi kwao kama wengi walivyorudi, na leo anauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Staa alimfuata na ofa nzuri: ashuke naye mara moja, kamera ipige, pesa ipo.

Jamaa wa dagaa akaangalia lile begi, akakataa.

"Kaka, vitu vyote vipya, unaogopa nini?" staa akamuuliza.

"Mdogo wangu, vitu ni vipya, wewe ndo wa zamani."

Maneno hayo yamezunguka mjini, na wengi wamemuona jamaa mnoko, wengine wamesema ni wivu wa mtu aliyefulia. Hapana. Muuza dagaa yuko sahihi, na anachokisema kinamhusu yeyote aliyewahi kuvaa mtungi mgongoni, akaacha, na sasa anawaza kurudi.

KIFAA KIPYA NA MKONO ULIOSAHAU

Watu wengi wanadhani kipya maana yake salama. Kwenye simu sawa. Kwenye kuzamia, kipya maana yake hujakizoea.

Fikiria jaketi la kuelea, lile linalojazwa hewa ili mtu asizame kama jiwe. Lina kitufe cha kuingiza hewa na kitufe cha kutoa. Kila kampuni inaviweka inavyotaka. Kwenye jaketi lako la zamani kidole kilikuwa kinajua njia chenyewe. Kwenye jipya, unataka kushuka unabonyeza cha kupanda, unapaa juu kama kizibo cha soda. Kupaa kwa kasi huku umebana pumzi kunaweza kupasua mapafu, hata kwenye maji ya kina cha bwawa la kuogelea.

Sasa Nungwi unaweza kuinamisha kichwa ukatazama kitufe kiko wapi, maana maji ni meupe. Ziwani, hasa karibu na mji, maji ni ya kijani yenye ukungu, na ukigusa tope la chini huoni hata mkono wako. Hapo macho hayana kazi. Ni mkono ndio unaotakiwa ujue, na mkono hauuzwi kwenye begi.

Ndiyo maana wazamiaji wa siku nyingi wana kanuni yao: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Staa kabadilisha kila kitu kwa mpigo, halafu kabadilisha na maji.

ZIWA SI BAHARI ISIYO NA CHUMVI

Hili ndilo watu wa Mwanza wenyewe wengi hawalijui, japo wamezaliwa hapa.

Ziwa Victoria liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kwa waogeleaji haina shida. Kwa mzamiaji ina shida, kwa sababu mashirika yanayofundisha kuzamia yanahesabu chochote kilicho juu ya mita 300 kuwa ni kuzamia mwinuko, na hesabu zake ni nyingine. Hewa ya huku juu ni nyepesi kuliko ya Zanzibar. Ukishuka mita 18 ziwani, kwa upande wa gesi inayoingia mwilini ni kama umeshuka karibu mita 20 baharini. Ukirudi juu, unatokea kwenye hewa nyepesi, na ile gesi iliyojificha kwenye damu inataka kutoka kwa fujo, kama soda iliyotikiswa. Hapo ndipo watu wanapata maumivu ya viungo, ganzi, na wengine kupooza. Chumba cha shinikizo cha kutibu ugonjwa huo si kitu cha kukuta kwenye kila hospitali.

Kwa hiyo kwenye begi la mtu anayerudi kuzamia huku, kitu cha kuulizia mapema sana ni kompyuta ya kuzamia, ile inayovaliwa mkononi kama saa. Je, inajua mwinuko? Nyingi za siku hizi zinajirekebisha zenyewe. Za zamani nyingine mpaka uziseti kwa mkono, na nyingine zina kipengele cha kuchagua maji ya chumvi au maji baridi. Kama umeitoa kabatini baada ya miaka saba, kwanza betri, pili hiyo mipangilio. Kama huelewi inavyofanya kazi, usishuke nayo.

La pili ni uzito. Mzamiaji anafunga vipande vya risasi kiunoni ili aweze kushuka. Maji ya chumvi yanakubeba zaidi, maji baridi yanakubeba kidogo. Mtu ambaye yeye na vifaa vyake vyote anafika kilo 90 anatakiwa apunguze kilo 2 na kidogo akitoka baharini kuja ziwani. Staa alikuwa kaandaa risasi zilezile za hesabu ya Zanzibar. Juu ya hapo suti yake ni mpya na nene, inaelea kuliko ile kuukuu aliyojifunzia, na mwili wenyewe, tuseme tu kwa upole, umekula bata. Hesabu ya miaka saba iliyopita imekufa. Inabidi apime upya.

Na kupima ni rahisi. Unaingia kwenye maji usiyofika chini, umevaa kila kitu, jaketi halina hewa, unashika pumzi ya kawaida na kutulia. Maji yakifika usawa wa macho, uko vizuri. Ukitoa pumzi, unashuka polepole. Ukizama kama nanga, risasi zimezidi. Ni bora kufanya hivyo mtungi ukiwa umekaribia kuisha, maana hewa nayo ina uzito: mtungi wa kawaida uliojaa unabeba zaidi ya kilo 2 za hewa, na mwisho wa safari hizo hazipo tena.

La tatu ni nyavu. Serikali imepiga marufuku timba na makokoro miaka na miaka, lakini kila mvuvi anajua nyavu ngapi zimekatika na kubaki zikielea chini huko. Timba ni uzi mwembamba usioonekana hata juani, sembuse kwenye maji ya kijani. Mtu anayerudi kuzamia bahari safi anaweza kuona kisu ni mapambo ya picha. Ziwani, kifaa kidogo cha kukatia nyuzi, kilichofungwa sehemu ambayo mikono yote miwili inafika, kina thamani kuliko mapezi ya chungwa. Na tochi mbili. Moja ikizima gizani unahitaji nyingine, si maombi.

Halafu kuna kichocho. Suti ndefu inapunguza ngozi inayoguswa na maji, lakini suti ya kawaida inaingiza maji ndani, ndivyo ilivyotengenezwa, kwa hiyo isikudanganye kwamba imekukinga. Ukiingia kwenye maji ya ukingoni yenye majani na konokono, panga kwenda kupima baadaye na umwambie daktari ukweli. Dawa ipo, prazikwanteli, na inafanya kazi vizuri wadudu wakishakomaa, yaani wiki kadhaa baada ya maji, siyo jioni ileile.

Mamba na viboko? Hao waulizwe wavuvi na BMU wa mwalo husika. Wao ndio wanaojua kilichoonekana juzi.

SASA PESA IANZIE WAPI?

Hapa ndipo mawazo yanapogongana. Staa na mashabiki wake wanasema nunua seti nzima, mambo yaishe. Ukweli ni kwamba kama umekaa miaka bila kushuka, pesa ya kwanza isiende dukani kabisa. Iende kwa mwalimu.

Cheti cha kuzamia hakina tarehe ya kuisha, na hilo ndilo linalowaponza wengi. Kadi haichakai, lakini ujuzi unachakaa. Waalimu wenyewe wanashauri ukikaa muda mrefu urudie mazoezi: kutoa maji kwenye miwani, kurudisha regulata mdomoni ikichomoka, kumpa mwenzako hewa, kuelea bila kugusa chini. Siku moja ya bwawa na mwalimu, kwa vifaa vya kukodi, itakuambia mambo mawili. Kwanza kama bado unaupenda huu mchezo, maana wapo wanaogundua wanapenda zaidi picha zake. Pili, mwili wako wa leo unataka nini.

Baada ya hapo, nunua kwa mpangilio huu.

Cha kwanza, miwani ya kuzamia. Uso wako haufanani na wa mtu mwingine, na miwani ya kukodi inayovuja inaharibu safari nzima. Usichague kwa rangi. Iweke usoni bila mkanda, vuta hewa kwa pua, achia mikono. Ikibaki imeganda, inakufaa. Ikidondoka, hata kama ni ya bei mbaya, iache. Wenye ndevu nene mjue zinavujisha. Kina dada wenye kope za kubandika, mnajua wenyewe. Na miwani mipya inakuja na utando wa kiwandani unaoleta ukungu, isuguliwe kwa dawa ya meno kabla ya siku ya maji.

Cha pili, viatu na mapezi. Fukwe nyingi za Mwanza ni mawe, siyo mchanga wa Nungwi. Mapezi ya kuvaa kama soksi, mguu mtupu, yanafaa ukirukia kutoka kwenye boti. Kwa mtu anayeingilia kwenye mawe, bora viatu vya mpira na mapezi ya mkanda wa nyuma.

Cha tatu, suti inayokukaa wewe wa leo. Mitumba ya Mlango Mmoja ina maajabu yake, na suti ya mtumba si dhambi, ila ivae kabla ya kulipa: chuchumaa, inua mikono, vuta pumzi ndefu. Ikibana kifua usijifariji kwamba itaachia. Majini kifua kikibanwa, hofu inakuja haraka.

Cha nne, kompyuta, kwa sababu zilizotajwa juu.

Regulata na jaketi vije mwisho, baada ya kushuka mara kadhaa na za kukodi na kujua unazamia wapi. Hata mdomo wa mtungi si mmoja. Kuna regulata zinazobana valvu ya mtungi kwa fremu ya chuma, na kuna zinazofungwa ndani kwa nyuzi kama boliti. Ukinunua ya aina moja na mitungi unayoipata ni ya aina nyingine, utabaki kuishika kwenye picha.

VYA ZAMANI NAVYO VISIABUDIWE

Ili haki itendeke, jamaa wa dagaa naye ana la kuulizwa. Yeye ana begi lake la Nungwi, limekaa chini ya kitanda tangu 2020. Kuna watu wamemtetea wakisema vyake ndo vya ukweli, vimeshapita kwenye mawimbi. Huo nao ni ushabiki.

Regulata isiyotumika haipumziki, inazeeka. Oringi na sili zinakauka, spring zinashika kutu, chumvi iliyobaki ndani inageuka mawe. Watengenezaji wengi wanataka ifanyiwe sevisi kila mwaka au miaka miwili, itumike isitumike. Na sevisi siyo kwa fundi wa bodaboda, hata kama oringi zinafanana kwa macho. Ni kwa fundi mwenye mafunzo na vipuri vya kifaa hicho. Kama Mwanza huna wa kumwamini, inasafirishwa kwenda mahali penye kazi hiyo ya kila siku, kama Zanzibar, na inangojewa.

Mtungi vilevile. Nchi nyingi zinataka ukaguliwe ndani kila mwaka na upimwe kwa shinikizo kila baada ya miaka mitano, na tarehe inagongwa kwenye bega la mtungi wenyewe. Usione aibu kuisoma. Mtungi uliojaa una hewa iliyoshindiliwa mara 200 hivi ya hii unayovuta. Ukiwa na kutu ndani, hilo ni bomu.

Jaketi la zamani lipulizwe mpaka liwe gumu, liachwe usiku kucha. Asubuhi likiwa limelegea, lina tundu. Mabomba ya mpira yakunjwe na kuangaliwa: yakionyesha nyufa, yatupwe.

Na inasemekana hiki ndicho jamaa alichofanya. Alivitoa kimoja kimoja, akabakiza miwani, mapezi na kisu, regulata akaifunga kwenda kufanyiwa sevisi. Mtu aliyeshuka mamia ya mara anakishuku kifaa chake mwenyewe. Huo ndo ufundi, japo hauna mashabiki.

Jambo moja dogo kwa wanaopanga kufanya mazoezi Zanzibar wikiendi halafu warudi Mwanza kwa ndege: ndege ni mwinuko mkubwa kuliko wa ziwa. Ushauri wa kawaida ukishazamia zaidi ya mara moja ni kusubiri angalau saa 18 kabla ya kupanda. Ukizamia Jumapili mchana, tiketi ya Jumapili jioni ni ya mtu mwingine.

KWA NINI HII SI STORI YA BEGI TU

Wengine watasema mtu na pesa yake, mtu na roho yake. Mwanza hilo halisemeki kirahisi.

Mji huu una makaburi ya Igoma, walikolazwa watu wa MV Bukoba, iliyozama Mei 21, 1996, ikiwa imekaribia kabisa kufika. Meli ilipinduka ikaelea tumbo juu, na waokoaji walipoitoboa kuwafikia waliokuwa ndani, hewa iliyokuwa inaishikilia ikatoka, ikaenda chini. Nia ilikuwepo. Kilichokosekana ni vifaa na ujuzi kwa wakati. Wazamiaji wa jeshi la majini la Afrika Kusini wakaja baadaye, na kazi iliyobaki ilikuwa ya kutoa miili.

Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kikapinduka kikikaribia Ukara, watu 228 wakafa. Siku mbili baadaye wazamiaji walimtoa fundi mitambo akiwa hai ndani ya kivuko hichohicho. Kumbe mtu anayejua anachokifanya, mwenye kifaa kinachofanya kazi, anaweza kumrudisha mtu ambaye nyumbani wameshaanza kumlilia.

Na Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipoangukia majini Bukoba, waliotangulia kufika walikuwa wavuvi, mikono mitupu na makasia. Watu 19 walikufa, 24 wakatoka.

Huku kwetu ziwa halijawahi kukosa watu wenye moyo. Linakosa watu wenye ujuzi uliotunzwa na vifaa vilivyokaguliwa. Mtu akishuka kwa ajili ya kamera akapotelea chini, hatakayemfuata ni shabiki aliyeweka moyo mwekundu. Watamfuata wazamiaji wa Zimamoto, wa polisi, na vijana wa mwalo ambao hawana hata mtungi. Anaweka roho zao rehani bila kuwauliza.

Lakini geuza upande wa pili. Staa huyo ana pesa, ana sauti, na cheti anacho. Akikubali kuanza bwawani, akapima risasi zake upya, akajifunza mwinuko, akarudi kwa muuza dagaa kama mwanafunzi na siyo kama bosi, Mwanza inaweza kupata wazamiaji wawili wa maana kwa mpigo: mmoja wa kuongoza na mmoja wa kufanya vijana waone kuzamia ni kazi, siyo mbwembwe. Na wala haichukui muda mrefu. Wiki chache tu, kabla ya picha nyingine.

Mapezi ya chungwa ni mazuri, hilo halina ubishi. Yasubiri zamu yake.

Wewe mdau unaonaje? Ungepokea ile pesa ukashuka naye, au ungefanya kama jamaa wa Mwaloni? Na kama umewahi kuzamia ukaacha, kitu gani kimebaki kabatini kwako? Dondosha maoni yako hapo chini, matusi weka pembeni.